Kilio cha Mlangoni

Mwanangu Kokushubila,

Salamu nimeziruka. Uko upande wa pili wa ukuta huu, asubuhi tumeamkiana, na hata sasa namsikia shangazi yako akikuambia ukunje miguu vizuri. Ni ajabu kidogo mama kumwandikia barua mtoto aliye chumba cha pili. Lakini tangu wakuweke ndani kungoja harusi sijapata nafasi ya kukaa na wewe peke yetu. Kila nikiingia shangazi yako yupo, na akitoka yeye anaingia mwingine, na wote wana masikio mazuri. Kwa hiyo nimejifungia stoo ya kahawa nikasema naenda kupanga magunia. Nje wanawake wanamenya ndizi za kesho, wanacheka sana, na mimi naandika juu ya gunia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Naandika Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, shangazi yako anasoma Kihaya tu, tena kile cha kitabu cha nyimbo, na karatasi hii ikimwangukia mkononi atadhani ni mambo yako ya shule. Ya pili, kwa Kihaya nisingefika mwisho. Kwa Kihaya nimelia maisha yangu yote. Kiswahili nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la ubatizo, kwa ubao na chaki, na sijawahi kulia kwa Kiswahili hata siku moja. Ndiyo maana nathubutu kukuandikia habari za neno hili, kulia, ambalo wiki hii limeninyima usingizi.

Mambo ya kupika, ya kufua, ya kumwamkia mama mkwe na ya namna ya kupokea wageni sitayaandika. Shangazi yako amekuchosha nayo na anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na ninaogopa kulifikia, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, mwalimu aliwaambia mtunge sentensi kwa neno hilo hilo? Ukaja nyumbani na kibao chako umeandika: mtoto analia, ng'ombe analia, kengele inalia, ngoma inalia. Ukaniuliza kwa nini kengele inalia na haina uchungu wowote. Nikakuambia kwamba Waswahili ndivyo wasemavyo, kila kinachotoa sauti kinalia. Ukasema basi Waswahili ni watu wa huzuni sana, na baba yako akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa na jibu jingine ambalo sikukupa kwa sababu ulikuwa mtoto. Kengele inalia kwa sababu kuna mtu amevuta kamba. Na bibi harusi wa kwetu hulia hivyo hivyo. Kuna watu wamesimama nyuma yake wakivuta kamba, na kila mmoja anataka isikike mpaka kilima cha pili.

Wiki hii, siku ile nilipokuja nyuma ya jiko kuchukua kuni, shangazi yako alikuwa ameshuka kisimani. Nilikukuta umekaa chini, kichwa umekiweka juu ya magoti, unalia. Hukunisikia nikija. Nilisimama pale na kuni mkononi kwa muda, nikisikiliza kama mwizi. Nikakuuliza una nini. Ukainua uso, ukajifuta kwa kanga, ukasema, "Najifunza, Mae." Ukacheka. Nami nikacheka, nikasema unajifunza vizuri, nikaondoka na kuni zangu.

Tangu hapo sina amani. Nikimenya ndizi nakusikia. Nikilala nakusikia. Najiuliza: mtu anayejifunza kulia, na shangazi hayupo wa kumsahihisha, analilia nini? Halafu najijibu kwamba wewe tangu shuleni ulikuwa unarudia masomo yako peke yako, bila kuambiwa. Halafu naanza tena. Mwanangu, nimekuzaa, nimekunyonyesha, nilikuwa nikikusikia ukilia kitandani najua kama ni njaa au ni siafu. Na sasa umekuwa mtu mzima, umelia mbele yangu, na mimi sijui ni kilio gani.

Hofu yangu ina chanzo, na chanzo chenyewe hujawahi kuambiwa chote. Unajua tu kwamba kabla ya baba yako niliwahi kuolewa Muleba nikarudi. Watu wa hapa Kanazi wanasema "alirudi" kama vile nilikuwa nimeenda gulioni.

Nilikuwa msichana kama wewe, nyumbani kwetu Kaagya. Wajerumani walikuwa wameondoka, Waingereza wameshaingia, lakini kwetu hakuna aliyekuwa amebatizwa bado. Mtu wa Muleba alikuja na wazee wake kuniona. Alikuwa na sura nzuri, kanzu safi, maneno machache. Tata, babu yako, alimpenda. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kizuizi cha matete, nachungulia. Wakiwa wanakunywa rubisi, mbwa wetu alipita akanusa kanzu ya yule mtu. Mwenye kanzu akainuka, akachukua fimbo ya mzee mmoja, akampiga yule mbwa. Hiyo si ajabu, mbwa hupigwa. Lakini alimpiga taratibu, bila hasira, uso wake haukubadilika, na mbwa alipojikunja asiweze kukimbia tena aliendelea. Kisha akairudisha fimbo kwa mwenyewe kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akakaa akamalizia kinywaji chake. Tata na wazee walikuwa wakiongea mambo ya mipaka ya kibanja. Sidhani kama waliona.

Mimi niliona. Usiku na mchana nikawa namwona yule mbwa.

Lakini ningesema wapi? Tata aliponiuliza kama nimekubali, niliangalia chini nikanyamaza, maana ndivyo msichana anavyotakiwa kufanya, na akinyamaza amekubali. Hata wewe, baba yako alipokuuliza, uliangalia chini. Nilikuwa nakutazama. Sikuona kitu ila nywele zako.

Basi nikasema moyoni: nitalia. Shangazi yangu akawa ananifundisha, kama huyu wako anavyokufundisha. Unaijua njia yenyewe. Unaanza chini chini, unamwita mama: Mae, unanipeleka wapi, nani atakuchotea maji. Unamwita baba: Tata, nimekukosea nini hata unitupe kwa watu nisiowajua. Unaita wadogo zako kwa majina. Unakiaga kibanja, unaaga migomba. Kisha unapandisha sauti: sitaki kwenda, nirudisheni, nitakufa huko. Na hapo ndipo wanawake wanapopiga vigelegele.

Umeona shida iliyonipata? Maneno yote niliyokuwa nayo moyoni yalikuwa yameshatumika. Nilitaka kusema sitaki kwenda, na kila bibi harusi tangu zamani amesema sitaki kwenda. Nilitaka kusema nitakufa huko, na shangazi akanikatiza akasema hapo panda juu kidogo, sauti isikike. Nilipotoka mlangoni siku ile nilikuwa nalia kwa roho yangu yote. Nilimshika Tata mguu. Nilimwambia ataniua yule mtu, Tata, nirudishe ndani. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kwenye miti. Nikamsikia jirani yetu mmoja akimwambia mwenzake, "Omugole analia vizuri, huyu amefundishwa." Na Tata, masikini, alikuwa amesimama wima, anajivuna. Bibi harusi asiyelia ni aibu kwa nyumba yake, watu husema alikuwa amechoka kwao au ana mtu mwingine. Mimi nilikuwa nampa sifa.

Zamani tulikwenda kwa miguu. Kawaida bibi harusi hulia mpaka bondeni, wakifika kwenye kijito anaoshwa uso, basi, anaanza kuongea na wenzake na hata kutaniana. Mimi tulipofika kijitoni niliendelea. Waliniosha uso nikaendelea. Kwanza walicheka, baadaye wakachoka, maana safari ilikuwa ndefu na jua kali. Mwisho mmoja wao akaniambia nimelia vya kutosha, waliotakiwa kusikia wameshasikia. Alisema kwa upole. Hakuna aliyekuwa mbaya katika watu wale, Kokushubila, hilo nataka ulijue. Walikuwa wananipenda wote.

Nimeitwa. Walitaka chumvi. Nimewapa, nimerudi, nimefunga mlango tena.

Ya Muleba nitayapunguza. Alikuwa kama nilivyomwona. Alikuwa anapiga bila hasira. Kama ni uji umepoa, ananiambia nije, nakwenda, ananipiga, kisha anaendelea na kazi yake. Kidole changu hiki, ambacho ulikuwa unakichezea ukiwa mtoto na kuniuliza kwa nini kimepinda, alikivunja yeye kwa mikono yake, amekaa, akiniambia habari za ng'ombe. Nilikudanganya kwamba kilibanwa na mlango.

Nilikuwa nalia pale nyumbani, kwa sauti. Nilidhani majirani watakuja. Kwetu sauti ya kilio ikisikika watu huacha jembe shambani. Lakini mimi nilikuwa mgeni, bibi harusi mpya, na majirani waliposikia walisema bado anawalilia watu wa kwao, atazoea. Mwanamke mmoja alinikuta kisimani akanipa pole, akasema hata yeye alilia miezi mingi kwa kumkumbuka mama yake. Nikamwambia simlilii mama, ni mume wangu ataniua. Lakini nilimwambia huku nalia, na yeye akanipigapiga mgongoni, akasema ndiyo, ndiyo, najua.

Ikafika siku machozi yakakatika. Si kwamba nilipata nguvu. Yalikatika tu. Nikawa nafanya kazi kimya, na ule ukimya ukaniogopesha kuliko fimbo, maana nilijua mtu wa namna hiyo yuko karibu na kufa, na wala hajali.

Siku hizo hizo akafariki baba mdogo wa mume wangu. Kijiji kizima kikajaa pale. Unajua ilivyo: wanawake wanaingia kwenye kibanja mikono juu ya vichwa, wanaanza kulia tangu njiani, wanakuja kuketi kwenye nyasi zilizotandazwa, na aliyenyamaza akiona mgeni anaingia anaanza upya. Wanaume walikuwa upande wa pili, wanachimba kaburi, na mume wangu yuko nao. Mimi nikaketi katikati ya wale wanawake na uso mkavu. Nilijaribu. Nilifinya hata kidole kilichovunjika. Hakukutoka kitu.

Watu wakaanza kuangalia. Mke wa nyumba asiyelia msibani, tena kijana, hiyo ni hatari. Mtu anaweza kuulizwa kama anajua marehemu alikula nini. Niliona wanasogezana viwiko. Mama mkwe wangu akanyamaza kulia, akanisogelea. Alikuwa mwanamke mkali, tangu nifike hakuwa amenipa neno zuri hata moja. Akaniuliza kwa nini silii.

Sikuwa nimepanga kitu. Nilimjibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeombwa habari za njia.

"Mama, nimechoka kulia na hakuna anayesikia. Mwanao ataniua. Naogopa kufa hapa."

Basi. Wote waliokuwa karibu waliyasikia, kwa sababu hayakuwa na machozi ndani yake. Nakumbuka kimya kilichoingia, katikati ya msiba. Yule mwanamke wa kisimani alikuwa nyuma yangu, akanishika bega. Ndiyo kwanza alikuwa amesikia maneno ambayo nilikuwa nimeshamwambia.

Mama mkwe alishika mkono wangu akaangalia kidole. Akaangalia upande wa wanaume. Sijui alijua mangapi kabla ya hapo, na nimeacha kujiuliza. Akaninyanyua kama ananipeleka kuchota maji, akanipitisha nyuma ya migomba mpaka njia panda, akavua lubugo lake mwenyewe, lile vazi la gome la mti, akanifunika. Akaniambia, "Nenda kwenu kabla hawajamaliza kaburi. Usipite njia kubwa." Kisha akageuka akarudi msibani, na kabla sijafika mbali nikasikia sauti yake inaanza tena. Alikuwa analia kwa nguvu kuliko wote. Labda ili wasiniulizie.

Nilitembea nikiogopa kila mtu niliyekutana naye. Nilipofika Kaagya, Tata alikuwa anapalilia. Aliniona, akaona uso, akaona mkono. Akaacha jembe. Alikaa chini palepale shambani, na mimi nikakaa. Baadaye sana akaniambia, "Ungesema, mwanangu."

"Nilisema, Tata. Nilikushika mguu."

"Ulikuwa unalia," akasema.

Hakusema kwa kujitetea. Alikuwa anashangaa, kweli kabisa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliodhani umefungwa ulikuwa wazi siku zote. Mahari ikarudishwa na wazee wakasemezana mengi, lakini Tata hakuwa yule tena. Baada ya hapo, harusi yoyote ikipita barabarani na bibi harusi analia, alikuwa anatoka nje anasimama, anasikiliza mpaka wapotee. Alikufa na tabia hiyo. Mimi nimeirithi.

Sasa umeelewa kwa nini nakuandikia. Na sasa lazima nimseme huyu mchumba wako.

Sina neno naye. Narudia, sina neno naye. Ni karani wa mizani ya kahawa, anajua kusoma, ana heshima, mama yake ni mtu wa kanisani. Amemwamkia baba yako kama inavyotakiwa. Nitakuambia kitu cha kuchekesha: alipokuja mara ya pili, nilimfungulia mbwa makusudi apite mbele yake. Baba yako hakujua kwa nini nimemfungua mbwa mchana na wageni wapo, akanikemea. Mbwa akaenda, akanusa suruali yake, na yule kijana akamtupia kipande cha nyama. Nilifurahi nusu siku. Halafu nikaanza kuwaza kwamba labda aliniona nikimtazama. Ndivyo nilivyo. Mtu aliyewahi kuungua mimi ndiye, na ninapuliza hata maji ya kunywa. Inawezekana kabisa kijana ni mwema na mama yako ndiye mgonjwa.

Tatizo langu si yeye. Tatizo langu ni kwamba anatoka Muleba, na kesho lori litakuja kukupeleka kule kule nilikotoroka, na wewe ulilia nyuma ya jiko, na mimi sijui.

Utaniambia kwamba siku hizi kuna kanisa, mchungaji atakuuliza mbele ya watu wote kama unamtaka. Ni kweli, na namshukuru Mungu. Lakini nimekaa katika kanisa lile tangu kubatizwa, harusi zote nimeziona, na sijasikia msichana akijibu sitaki. Watasema nini? Nguo amevaa, ndizi zimeiva, kwaya imesimama. Wanajibu ndiyo kwa sauti ndogo, uso chini. Inawezekana wote walikuwa wanataka. Sijui. Mimi nikisikia ndiyo ya namna ile nasikia jasho mgongoni.

Kwa hiyo nimefikiri sana, na hiki ndicho nilichofikia.

Kesho utakapotoka mlangoni, watu wote watakuwa wanasubiri ulie. Utakuwa umefunikwa, hakuna atakayeona uso wako, watasikia sauti tu. Ukiwa unamtaka yule kijana, lia. Lia kama ulivyofundishwa, nitaje mimi, mtaje baba yako, waage wadogo zako, sema hutaki kwenda, sema utakufa. Kama ni uchungu wa kweli wa kutuacha, lia nao pia, hayo machozi hayaniogopeshi. Nitajua kwamba unakwenda mahali unapotaka kwenda.

Lakini ukiwa humtaki, au kuna jambo umeliona, hata dogo, hata kama ni mbwa tu, usilie. Toka kimya. Usitoe sauti yoyote. Watu watashangaa, shangazi yako atakufinya, atakuambia anza, anza. Usianze. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo pembeni ya mlango, na nikisikia kimya hicho nitajua. Nitakushika mkono nikurudishe ndani, na harusi itakuwa imekwisha.

Nimemwambia baba yako asubuhi hii, wakati anatengeneza uzio. Niliogopa kumwambia. Ni mtu anayeheshimiwa, wageni wametoka mpaka Kibeta, na aibu itakuwa yake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akafunga kamba moja, akafunga nyingine. Akauliza, "Na kama atasahau kulia kwa furaha?" Nikamwambia basi tutakuwa tumejiaibisha bure, na tutapika ndizi nyingine siku nyingine. Akasema atamwambia dereva asiwashe lori mpaka uwe umekaa ndani yake, ili mngurumo usitufunike masikio. Halafu akaendelea na uzio. Wewe unamwona baba yako ni mtu wa maneno machache, lakini nimekaa naye miaka hii yote na hajawahi kuniuliza nalia nini. Kila mara alikuwa ananiuliza nataka kusema nini.

Nitaiweka karatasi hii ndani ya kiatu chako kipya cha kushoto, kwa sababu shangazi yako anaogopa kuvigusa viatu hivyo asije akavichafua. Utavijaribu tena jioni, nakujua. Ukishaisoma, mtume shangazi aniambie kwamba unataka uji. Tangu utotoni uji hukuuweza, kwa hiyo nitajua umeisoma. Kisha itie motoni. Usiponitumia habari ya uji nitaingia mwenyewe, nitawatoa wote nje kwa nguvu, na watasema mama wa bibi harusi amerukwa na akili. Waache waseme.

Bado ninaogopa. Naogopa kwamba utanyamaza, na miguu yangu itakataa kusogea mbele za watu wale wote, nitabaki nimesimama kama Tata. Naogopa kwamba utaona huruma juu yetu, utawaza chakula, wageni, baba yako, kisha utalia ili utulindie heshima. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu ni jambo ambalo wewe unaweza kulifanya. Nakuomba, usitulindie kitu. Heshima ya nyumba hii si yako kuibeba kesho, hata kidogo.

Nimekulea ili usilie. Ulipoanguka nilikimbia, ulipougua nilikesha, nilifanya kila nilichoweza nisiisikie sauti hiyo. Na sasa niko hapa kwenye magunia, nimepiga magoti, namwomba Mungu kitu ambacho mama hakiombi. Naomba kesho, mlango utakapofunguliwa, nikusikie unalia.

Mama yako,
Marta